Macho ya Hakimu

Pale kazini walimwita Hakimu, ingawa hakuwahi kukanyaga mahakama. Alikuwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu, mwili wa wastani, miwani kaifunga kamba shingoni isije ikapotea, na ulimi wake, Mungu amsamehe, ungeweza kumenya viazi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye hadubini kutwa akizihukumu spora za kuvu waliokufa kabla mtu wa kwanza hajavaa nguo. Hii ni ya aina hii, ile ni ya aina ile, na hiyo nyingine ni uchafu, mwaga kwenye sinki. Akishasema, imesemwa. Hakuna aliyekata rufaa.

Mdogo wake, tumbo moja, walimwita Kivuli. Jina hilo alipewa na dada yake mwenyewe, mbele za watu, siku ya kwanza alipomleta kazini. "Huyu ni mdogo wangu. Nikienda huku yupo, nikienda kule yupo. Mpeni kazi yoyote ila ya kufikiri." Watu wakacheka, jina likaganda. Waliokuja baadaye walidhani ndilo alilopewa na mama yake.

Kisa hiki ni cha hao wawili na kiti kimoja. Kiti chenyewe ukikiona utasikitika: cha kuzunguka, ngozi imepasuka, mpasuko umezibwa kwa gundi ya karatasi. Lakini ndicho kilichokaa mbele ya hadubini kubwa, na aliyekikalia ndiye aliyetoa hukumu na kuweka majina. Hakimu alikuwa anakaribia kukiacha. Kivuli alikitaka kuliko alivyowahi kutaka mume, na mume aliwahi kumtaka sana.

Ngoja kwanza nikueleze kazi, maana usipoijua kazi hutauona ukatili wenyewe.

Wachimbaji huleta vipande vya mwamba kutoka chini kabisa, huko walikotoboa. Kwenye chumba cha nyuma, penye feni kubwa ya kunyonya mvuke, kipande husagwa, hutiwa tindikali na kuachwa. Jiwe zima huyeyuka. Kinachobaki chini ya chombo ni tope jeusi la kujaza kijiko cha chai, na ndani ya tope hilo zimo spora: vipunje ambavyo kuvu wa kale walivirusha ili wazaane, vidogo hata ukivipumulia umevipoteza. Tindikali iliyokula jiwe haiwezi kula ganda la kahawia la spora. Tope huoshwa, huchujwa, tone moja likadondoshewa kwenye kioo pamoja na ute mzito, likafunikwa kwa kioo chembamba, na kingo zikazibwa kwa rangi ya kucha, ile ile ya saluni. Hapo ndipo hukumu inapoanza.

Kuvu wenyewe walishaoza. Hakuna anayejua spora ipi ilizaliwa na nani. Kwa hiyo hazipangwi kwa ukoo, zinapangwa kwa sura. Ina vyumba vingapi? Ina matundu mangapi, na yako wapi? Ganda ni laini, au lina miiba, au mistari? Umbo je, la yai, la fimbo, la mwezi mchanga? Ukiyajibu maswali hayo kwa mpangilio unafika kwenye jina, kama mtu anayeelekezwa nyumba: pita duka la kwanza, kata kulia, geti la kijani. Na ukishalijua jina unajua jiwe limetoka tabaka gani, na wachimbaji wanajua waendelee kutoboa au wafungashe virago.

Hakimu alimfundisha mdogo wake maswali hayo kwa rula ya chuma. "Vyumba?" "Vitatu, dada." Rula kwenye vidole. "Hesabu tena, utanitia aibu kwa watu." Kivuli akahesabu tena, vikawa vitatu vile vile, na Hakimu akachungulia mwenyewe, akasema haya, vitatu, lakini ulisema kwa wasiwasi.

Alikuwa amemlea hivyo tangu zamani. Mama yao alifariki Kivuli akiwa ndiyo anaanza shule, na dada akawa ndiye mama. Alimlisha, akamvisha, akamsomesha mpaka shule ilipomshinda, na hakuiacha siku ipite bila kumkumbusha. "Mimi ningekuwa na watoto wangu, ila nilikubeba wewe mgongoni." Ukilelewa namna hiyo hata uji unaunywa kwa kuomba radhi. Walipokuwa watu wazima waliendelea kuishi nyumba moja, vyumba viwili na sebule, na Kivuli ndiye aliyepika, aliyefua, aliyefunga milango.

Alijitokeza mchumba mara moja, fundi wa mafriji, mpole, mwenye mikono misafi kuliko kazi yake. Akaja kujitambulisha na shati lake limepigwa pasi. Hakimu akamkalisha kwenye kochi, akavaa miwani, akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akamgeukia mdogo wake. "Chumba kimoja," akasema. "Na kitupu." Yule bwana hakuelewa maana yake, ila alielewa kicheko. Chai haikumaliziwa. Hakurudi tena, na simu akawa hapokei.

Hayo yote Kivuli aliyameza. Lililomkaa kooni ni jingine.

Siku moja kwenye chumba cha nyuma, kwa hadubini ndogo ya kukagulia kama tope limesafishika, alikutana na spora ambayo hakuwahi kuiona. Vyumba vinne kwa mstari, viwili vya kati vyeusi, vya pembeni vyepesi kama chai ya mgonjwa. Tundu moja kila ncha. Ganda limechorwa mistari myembamba inayokimbia urefu wote. Alipitia maswali yote mpaka mwisho na hakukuta jina. Akakibeba kile kioo kama mtu anayebeba yai, akampelekea dada yake.

Hakimu alichungulia, akarekebisha lenzi, akachungulia tena. Kisha akasema, "Nenda kaoshe vyombo."

Kuna desturi katika kazi hii. Aina mpya ikipatikana, huchaguliwa spora moja tu, kwenye kioo kimoja, huzungushiwa duara la wino, na hiyo ndiyo inayobeba jina; kesho na keshokutwa mwenye shaka huenda kuiangalia hiyo hiyo. Hakimu aliizungushia duara kwa mkono wake. Akaipa jina alilolitaka, akaiandika, ikachapishwa kuwa ameipata yeye. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, alimshukuru msaidizi wa maabara kwa kuosha. Hakusema hata mdogo wangu. Na balaa ni kwamba ile spora ikawa na maana: popote ilipoonekana, wachimbaji walijua wamelifikia tabaka walilokuwa wakilitafuta. Wageni wakawa wanakuja kumpa Hakimu mkono. Kivuli alikuwa akiwaletea vikombe.

Basi, aliye juu mngoje chini. Macho ya Hakimu yakaanza kufa.

Ilikuwa presha ya macho. Alichelewa kwenda hospitali kwa kiburi, na alipokwenda daktari akamwambia kilichopotea hakirudi, dawa hii ni ya kukilinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi. Alitembea kwenye korido kwa kupapasa ukuta kwa mgongo wa kiganja, mtu akimwona anadhani anakagua vumbi. Sura za watu alizijua kwa sauti na kwa viatu. Lakini kwenye hadubini hakukuwa na viatu. Kulikuwa na ukungu mweupe basi.

Angesema, angeondolewa siku ile ile. Asiyeona hakai pale, na hilo alilisema yeye mwenyewe mara nyingi juu ya wengine. Kwa hiyo alimwita mdogo wake sebuleni akamwambia, bila kuomba, "Utakuwa macho yangu. Wewe tazama, mimi nitahukumu. Na mtu akijua, nitajua umesema wewe."

Ile hadubini kubwa ilikuwa na mdomo wa pili wa kuchungulia, pembeni, wa kufundishia. Kivuli akawa anakaa pale. Wenzake wakadhani hatimaye anafundishwa, wakamtania. Kumbe alikuwa akinong'ona: vyumba viwili, dada, tundu moja, nchani, laini, yai. Na Hakimu anapaza sauti na jina, mwandishi anaandika. Wenyewe husema ukila na kipofu usimshike mkono. Kivuli hakumshika. Miaka ile yote hakumdanganya hata chumba kimoja, na hukumu za Hakimu ziliendelea kuwa sahihi, na sifa zikaendelea kuwa zake. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba Kivuli alizaliwa mbaya.

Kila jioni ndiye aliyemtia dawa ya macho. Hakimu alilala chali kwenye kochi, kichwa kwenye mto, na Kivuli akasimama juu yake na kichupa. Jioni hiyo ninayoisema, tone la jicho la kulia lilikuwa limeshaingia.

"Meneja ameniuliza nani akikalie kiti nikiondoka," Hakimu akasema. "Nimempendekeza yule binti wa chuo."

Binti wa chuo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Msichana mtaratibu, mchapakazi, hana makuu.

"Na mimi?" Kivuli akauliza.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayeona, dada."

"Kuona," Hakimu akasema, jicho likimtoka maji ya dawa. "Ng'ombe naye anaona. Wewe huna kichwa, mdogo wangu, sikukunyima mimi, hukupewa. Ningekuacha pale ungenichafulia jina. Mbona umesimama? La kushoto bado."

Kivuli akatia tone la kushoto. Akamfuta shavu kwa kitambaa, akaenda jikoni, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akalia mpaka wali ukaungua chini. Wala sitapamba: alimchukia dada yake kwa roho nzima. Hakimu akaja kula, akasema wali unanuka moshi, hata hili nalo limekushinda.

Muda si mrefu zikaja habari kwamba wakubwa wa wachimbaji wanakuja. Wametoboa sana, wanataka kuambiwa ana kwa ana kama tabaka limefikiwa, maana kama halijafikiwa wanahama. Meneja, mtu wa kupenda sherehe, akaona hapo ndipo pa kujionyesha. Akaagiza kamera ifungwe kwenye hadubini na skrini kubwa iwekwe ukutani, kila mtu aone anachokiona Hakimu. Fundi alipoifunga kamera akaung'oa ule mdomo wa pili, kwa sababu pa kuifunga palikuwa pale pale.

Hakimu alipopewa habari usiku hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa na sauti ndogo ambayo Kivuli hakuwahi kuisikia. "Sasa wewe utaonaje?"

"Nitatazama skrini, dada, kama wao. Nitasimama nyuma yako, nikusogezee kioo, nikunong'oneze. Watanidhania msaidizi."

"Usinitoke begani."

"Sitoki."

Kivuli aliviandaa vioo mwenyewe. Alijua atakapoanzia na atakapoishia. Ile spora ya vyumba vinne ilikuwa imepatikana kweli kwenye mwamba wa wale wachimbaji, nzuri, nzima, haina ufa. Kwa hiyo jibu lao lilikuwa ndiyo, tabaka limefikiwa. Lakini kwenye kioo hicho hicho, mkono haukuwa mwepesi siku ya kukifunika na hewa ikabaki ndani ya ute. Kilikuwepo kiputo. Kiputo cha hewa kwenye hadubini ni duara lenye ukingo mweusi na katikati peupe pe. Hakina chumba, hakina tundu, hakina kitu. Anayeanza kazi leo akishaonyeshwa mara moja hakosei tena mpaka kufa. Kivuli alikitafuta, akakikuta, akapakariri mahali pake.

Ukumbi ulijaa. Wageni mbele na suti zao, wafanyakazi nyuma, wengine wamesimama. Hakimu alikaa kwenye kiti chake akiwa amevaa gauni la bluu alilokuwa akilitunza kwa siku yake ya kuagwa, na wote walitazama skrini iliyokuwa ukutani, isipokuwa binti wa chuo, aliyekosa nafasi akajibana pembeni kabisa, karibu na hadubini.

Mara ya kwanza Kivuli alinong'ona kweli. Vyumba viwili, dada. Hakimu akaeleza, skrini ikaonyesha, wageni wakatikisa vichwa. Mara ya pili pia kweli. Hakimu akachangamka, mabega yakashuka, akaanza kutia na utani kidogo, akasema hizi spora zina adabu kuliko wanaume, zinakaa pale unapoziacha. Watu wakacheka vizuri.

Kivuli akasogeza kioo. Kwenye skrini, ukubwa wa gurudumu la lori, kikatokea kiputo.

"Vyumba vinne, dada," akanong'ona. "Ndiyo yenyewe. Nzuri kuliko zote."

Hakimu akajisogeza kwenye kiti, akaweka macho kwenye lenzi, bila haraka, kama afanyavyo mtu anayejua anasubiriwa.

"Hii," akasema, "ndiyo niliyoitolea jina mimi mwenyewe. Tazameni vyumba. Vinne kwa mstari. Viwili vya kati vyeusi, vya pembeni vyepesi. Mnaviona?"

Mgeni mmoja akamtazama meneja. Meneja akatazama viatu vyake.

"Tundu moja kila ncha. Na mistari kwenye ganda, myembamba, nzuri, mtu wa kazi akiiona hata usingizini ataijua."

Nyuma mtu akatoa kicheko puani, akakizuia kwa kiganja, kikatoka pembeni. Kikaambukiza wengine. Hakimu akainua uso na kuuelekeza upande wenye sauti.

"Anayecheka aje achungulie," akasema. "Aje hapa atuhesabie yeye. Njoo, usiogope, nitakuazima macho."

Hapo ukumbi ukashindwa kujizuia. Nikwambie ukweli, wengine walicheka kwa raha, kwa sababu kila mmoja wao alishawahi kupigwa na ule ulimi na kila mmoja alikuwa anadai chake. Wengine walicheka kwa sababu mwenzao anacheka. Meneja alikuja mpaka kwenye kiti akainama.

"Mama," akasema taratibu, "hicho ni kiputo cha hewa."

Hakimu hakusogea. Kisha, kwa sauti ambayo Kivuli peke yake aliisikia, akasema, "Sogeza kidogo. Umekosea mahali. Sogeza."

Mkono wa Kivuli ulikuwa kwenye kirungu cha kusogezea kioo. Robo tu ya mzunguko, spora ya kweli ingeingia kwenye skrini na vyumba vyake vyote, mzee wa watu angesema nilikuwa natania, na ingepita. Kivuli aliuondoa mkono akauweka mfukoni.

"Mdogo wangu," Hakimu akasema.

Mdogo wake alikuwa anatazama skrini kama wengine.

Baadaye, ofisini kwa meneja, Kivuli alikaa kwenye ncha ya kiti na leso mkononi. Meneja akamuuliza, kwani ni macho? Hapo ndipo pa kumwogopa binadamu. Angesema ni macho, kila mtu angeuliza nani basi alikuwa akimtajia. Kivuli akatikisa kichwa.

"Macho anayo mazima, bosi. Ni kichwa. Nyumbani huwa anaona vitu ambavyo havipo. Nilikuwa namfichia aibu, ni dada yangu."

Meneja akamshika bega. Akasema kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukiibeba kazi yote hii, na sisi hatukujua. Hakimu akaambiwa apumzike nyumbani mpaka siku ya kustaafu ifike, na sherehe ya kuagwa ikafutwa kimya kimya ili asije akasema maneno. Pendekezo lake nalo likatupwa. Nani atafuata pendekezo la mtu anayehesabu vyumba kwenye hewa? Kiti akapewa Kivuli. Korido zikapata jina jipya, Mama Kiputo, na waliolitamka kwa sauti zaidi ni wale waliokuwa wakimsalimia kwa kuinama.

Kivuli alikikalia. Alikuwa mzuri, usinielewe vibaya. Majina yalimtoka bila kusita, na wachimbaji walipata jibu lao la kweli kutoka kwenye kioo kile kile. Kwa siku kadhaa alifurahi mpaka akawa anaimba akipanda ngazi. Kisha binti wa chuo akamfuata mezani kwake.

"Dada, mama anaendeleaje?"

"Yuleyule. Anasema hovyo."

Binti akabaki amesimama, anazungusha pete kidoleni. "Siku ile nilikuwa pembeni yako," akasema. "Sikuwa naiona skrini vizuri. Nilikuwa nakuona wewe. Midomo yako ilikuwa inacheza."

"Nilikuwa naomba Mungu."

"Sawa, dada." Alisema kwa upole, wala hakuna aliyeweza kujua kama ameamini. "Leo jioni nitapita kumsalimia. Nataka tu kumsikia mwenyewe."

Kivuli aliwahi kurudi nyumbani. Alimkuta Hakimu amekaa kitandani, bado na nguo ya kulalia, nywele hazijachanwa, mikono juu ya magoti. Tangu siku ile alikuwa haongei. Alikula alichopewa, akalala alipolazwa. Lakini alikuwa anafikiri, na Kivuli alijua anafikiri, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha.

"Kaa hapo," Hakimu akasema. "Siku ile uliniambia vyumba vinne."

Kivuli alikuwa amejiandaa kwa swali hili kwenye njia nzima.

"Sikukuambia kitu, dada. Nilikuwa bado natafuta. Wewe ukaanza kuhesabu peke yako."

"Nilikusikia."

"Sikufungua mdomo."

Hakimu akageuza uso ukutani, akaukunja kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye lenzi. Alikuwa anapitia, ungemwona: swali la kwanza, la pili, kata huku, gonga pale.

"Yapo mawili tu," akasema hatimaye. "Ama umenidanganya, ama nimerukwa na akili."

Kivuli alisubiri hukumu kama alivyozisubiri zote tangu utoto, na, Mungu wangu, sehemu yake moja ilitaka apatikane na hatia, ilitaka dada yake aseme, kumbe unaweza.

"Wewe nimekulea mimi," Hakimu akasema. "Nakujua ulivyo. Kunipangia jambo kama lile, likanyooka, mbele ya watu wote wale?" Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, tabasamu la huruma. "Huna hicho kichwa. Kwa hiyo ni mimi. Nimerukwa."

Machozi yalianza kumtoka bila sauti. Kivuli hakuwahi kumwona akilia, hata mama yao alipofariki. Akapapasa hewani, akaupata mkono wa mdogo wake, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Naogopa," akasema. "Macho nilijua yanakwenda, nikasema potelea mbali, kichwa ninacho. Sasa sijui hata ninachokisikia kama kipo. Kuanzia leo nikikuuliza, niambie ukweli. Kama kipo sema kipo, kama hakipo sema hakipo. Nitakuamini. Sina mwingine."

"Nitakuambia, dada."

Wakakaa hivyo, mkono ndani ya mikono. Nje mlangoni viatu vikasimama, na sauti ya msichana, ya heshima, ikabisha hodi. Ikangoja. Ikabisha tena, na mlango ukagongwa kwa kidole.

Hakimu akainua kichwa. Uso wake wote ulikuwa umegeukia kwenye ile sauti.

"Nasikia mtu anabisha hodi," akasema. "Yupo?"

Hodi ya tatu ikabishwa, polepole zaidi, na jina la Hakimu likatajwa, si la utani, lile lenyewe alilopewa na mama yake.

"Hayupo, dada," Kivuli akasema. "Lala."

Hakimu akamshukuru, akajilaza, akafunika masikio kwa shuka.